Amemwaga zote, nimfuate? Maswali yenu ya poka ya mashindano

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yana mzizi mmoja: mwenzako kasukuma chipu zake zote mbele, meza imenyamaza, na macho yote yako kwako. Nimechagua sita. Nikisema "mzigo" nina maana ya chipu zote zilizokwisha kuingia katikati. "Kumwaga" ni huko kusukuma chipu zako zote, "kufuata" ni kulipa kiasi alichoweka mwenzako, na "kutupa" ni kuacha karata. "Blaindi", ndogo na kubwa, ni dau ambalo watu wawili hulazimika kuweka kabla ya kuona karata, na ante ni malipo mengine ya lazima ya kila mkono.

Blaindi ni 500 na 1,000, na mwenye blaindi kubwa analipia meza nzima ante ya 1,000. Niko blaindi kubwa na K ya kopa na 9 ya pau. Aliyekaa kiti cha mgawaji (anayecheza mwisho kabla yetu wa blaindi) kamwaga 8,000, blaindi ndogo katupa, nami nikatupa. Nilikosea?

Anza na bei kabla ya karata. Katikati kuna 8,000 zake, 500 za blaindi ndogo, 1,000 zako na ante 1,000. Jumla 10,500. Wewe unadaiwa 7,000 tu, maana 1,000 ulishaitoa. Ukifuata, mzigo unafika 17,500. Gawanya 7,000 kwa 17,500, unapata 40%. Ukishinda mara 4 katika 10 umerudisha chako. Kinachozidi hapo ni faida.

Sasa karata, na hapa wengi hujikwaa kwa kumpa mtu mkono mmoja (karata mbili alizoshika) kichwani: "huyu ana A." Haya, awe nayo. A-7 dhidi ya K-9 yako inakuachia kidogo juu ya 40%. Jozi ya 5 inakuachia karibu 47. Ukikuta Q-J, wewe ndiye uko mbele. Kinachokuumiza ni jozi kubwa (jozi ya J inakuachia kama 30) pamoja na A-K na K-Q, ambazo zinakubakishia kama robo, kwa sababu K yako haina kazi tena. Basi jiulize mtu huyu, akiwa na chipu za blaindi kubwa 8 tu na amekaa kiti kile, huwa anamwaga na mikono gani yote. Anayejua kazi yake atamwaga jozi yoyote, A yoyote, na K na Q nyingi tu. Huyo mfuate. Lakini kama ni yule bwana anayesubiri jozi za 5 kwenda juu, A-10 kwenda juu na K-Q peke yake, K-9 yako inashuka hadi karibu 35%, na hapo kutupa ni sawa kabisa. Kosa lako, kama lipo, linategemea yeye ni nani, na juu yake hukuniambia neno.

Ulisema A-5 inatosha kumwaga kutoka kiti cha mgawaji, halafu ukasema nisiifuate pale mtu wa kwanza kabisa kucheza anapomwaga. A-5 si ile ile?

Karata ni zile zile, kazi ndiyo tofauti. Anayemwaga ana njia mbili za kuondoka na mzigo: wote watupe, au afuatwe na ashinde. Anayefuata ana moja tu. Halafu aliyemwaga wa kwanza, huku meza nzima ikimsubiri nyuma yake, hana sababu ya kuwa na takataka. Mara nyingi A yake ina mwenza mkubwa kuliko 5.

Tumebaki wanne, wanaolipwa ni watatu: 50%, 30% na 20% ya zawadi. Wote tuna chipu sawasawa. Blaindi ndogo kanimwagia zote, mimi nina A-K. Nilifuata, nikakuta jozi ya 8, nikatoka mikono mitupu. Rafiki zangu wanasema ni bahati mbaya tu.

Rafiki zako ni watu wema. Tufanye hesabu, na tuziache blaindi pembeni ili isituchoshe.

Kabla ya mkono huu, mko wanne na mna chipu sawa, kwa hiyo kila mmoja anamiliki, kwa makadirio, 25% ya zawadi yote. Ukifuata na kushinda, mmoja ametoka, wewe una nusu ya chipu zote na wale wawili wana robo robo. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni 1/2. Ya kuwa wa pili ni 1/3, kwa sababu akitangulia mmoja wao, wewe una theluthi mbili ya chipu zilizobaki. Ya kuwa wa tatu ni 1/6. Zidisha kila nafasi kwa zawadi yake: 25, jumlisha 10, jumlisha 3.3. Una 38.3%.

Tazama kilichotokea. Chipu zako zimekuwa maradufu, lakini thamani yake mfukoni imepanda kutoka 25 hadi 38 tu. Ukishindwa, unashuka kutoka 25 hadi sifuri. Ili biashara hiyo isikutie hasara unahitaji 25 gawanya kwa 38.3, yaani zaidi ya 65%. Kwa hesabu ya chipu tupu ungehitaji 50.

Na A-K? Dhidi ya mtu anayemwaga bila hata kutazama karata zake, A-K zisizo za aina moja hushinda kama mara 65 katika 100. Yaani ndio kwanza umefika mlangoni. Akishaanza kuchagua karata hata kidogo tu, umeshuka. Dhidi ya jozi ya 8 yenyewe ulikuwa chini ya 50. Ulichokifanya kingekuwa sahihi kabisa saa mbili kabla, wakati zawadi bado ziko mbali; pale mlangoni pa zawadi ilikuwa kununua kwa bei ya juu. Kumbuka pia kwamba hayo 65 ni kwa chipu sawa. Kama wewe ungekuwa na nyingi zaidi yake, kushindwa kusingekutoa, na bei ingepungua. Kama mmoja wa wale wawili angebakiwa na blaindi moja, bei ingepanda zaidi, maana ungeweza kukaa tu ukasubiri atoke yeye.

Njia hii ya kuhesabu, kwa kuchekesha kidogo, ilitoka kwa farasi. Mwaka 1973 David Harville alichapisha fomula ya kukadiria nani atamaliza wa pili na wa tatu kwenye mbio, na mwaka 1987 Mason Malmuth akaileta kwenye poka. Hujui fomula? Hata mimi siifanyi mezani. Ninachofanya ni kukaa nyumbani na mifano kama huu hadi namba 65 ikae kichwani.

Mmoja kamwaga, wa pili kafuata, mimi nina A-J.

Tupa. Wa pili aliziona chipu zote zikiingia na bado akafuata, huku wewe uko nyuma yake. Ana kitu. Na A unazozisubiri, moja au mbili huenda ziko mikononi mwao.

Kwenye mchujo wa tiketi, tiketi 10, tumebaki 11. Nilikuwa wa pili kwa chipu. Mwenye chipu nyingi kuliko wote kanimwagia. Nilikuwa na jozi ya A, nikafuata, nikapoteza. Kweli kuna mtu wa kutupa jozi ya A?

Yupo, na pale alitakiwa awe wewe. Kwenye mchujo wa namna hiyo zawadi ni tiketi ya kuingia mashindano makubwa, na tiketi ya wa kwanza na ya wa kumi ni moja. Ukiwa wa pili kwa chipu, kwa kutupa tu pengine tiketi unayo kwa zaidi ya 95%. Jozi ya A dhidi ya karata mbili zozote hushinda kama 85%. Umebadilisha 95 kwa 85, na ukishinda huongezewi hata tiketi ya pili. Tiketi ikishapatikana, mchezo unaanza upya: Chris Moneymaker alifika mashindano makuu ya World Series of Poker ya 2003 kwa mchujo wa intaneti uliogharimu chini ya dola 100, akawashinda watu 838 na kuchukua dola milioni 2.5.

Nikisema "nafuata" halafu ikaonekana chipu za mwenzangu ni nyingi kuliko nilivyodhani, naweza kurudi nyuma?

Kwa kawaida huwezi. Kanuni za TDA, chama cha wasimamizi wa mashindano kilichoanzishwa 2001, zinamwachia anayefuata jukumu la kujua kiasi, hata kama mgawaji amekosea kukitaja. Msimamizi anaweza kutumia busara, lakini usiingie ukitegemea busara ya mtu.

Mimi niliwahi kuwa na 52,000 na jozi ya 8. Jirani kamwaga, nikaona rundo la chipu ndogo, nikakadiria 14,000, nikasema nafuata. Nyuma ya rundo kulikuwa na chipu kubwa sita za 5,000. Ikawa 44,000. Tangu siku ile naomba zihesabiwe, na ni haki ya anayekabiliwa na dau lile kuomba. Naomba pia chipu kubwa ziletwe mbele, kisha nangoja mgawaji amalize kabla sijafungua mdomo.

Nilibakiwa na 8,000. Mkono uliofuata nikazimwaga na Q-6, kwa hasira tu. Nikafuatwa na watu wawili.