Maswali na majibu: mshipa wa moyo unapojikaza

Daktari, mimi huamshwa saa kumi alfajiri na kifua kinachobana kama kimefungwa kamba. Baada ya dakika kumi kinaachia. Mishipa ya moyo imepigwa picha, haikuonekana imeziba. Nimeambiwa ni mawazo tu. Ni kweli?

Neno “mawazo” hutolewa haraka mno, hasa kwa wanawake. Mshipa wa moyo si bomba la chuma. Ukuta wake una misuli, nayo huweza kujikaza ghafla hadi damu ikapita kwa shida au isipite kabisa, kisha ikalegea. Ukifika hospitali saa tatu asubuhi, kipimo cha umeme wa moyo kitakuwa safi. Myron Prinzmetal na wenzake, madaktari wa Marekani, waliyaeleza maumivu haya mwaka 1959: humpata mtu akiwa amepumzika, sana sana kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, na huenda mtu huyohuyo akapanda ngazi mchana bila tabu. Omba kipimo cha kuvaa, kinachorekodi umeme wa moyo saa 24 au zaidi, labda kitanasa tukio. Kisiponasa, bingwa wa moyo anaweza kupitisha mpira mwembamba hadi kwenye mshipa na kuuchokoza kwa kemikali iitwayo asetilikolini aone kama utajikaza. Hilo hufanywa penye wataalamu na vifaa vya kuokoa moyo ukiyumba, si penginepo.

Nimeandikiwa diltiazemu. Dada yangu anatumia propranololi ya presha. Yangu ikiisha, naweza kuazima yake?

Usithubutu. Diltiazemu, kama amlodipini na nifedipini, hulegeza misuli ya mshipa. Propranololi inaweza kuuacha ujikaze zaidi. Tena usingoje dawa iishe: ukiikatisha ghafla, maumivu yanaweza kurudi kwa nguvu. Na kwa kuwa yako huja alfajiri, muulize daktari wako kama dozi moja inaweza kumezwa unapokwenda kulala.

Si wangeniwekea tu kile kichuma cha kupanua mshipa, yaishe?

Kwa kawaida hakisaidii. Ukitanua hapa, mshipa unaweza kujikaza pale. Ni habari nyingine kama pana mafuta yaliyoganda na kuubana kweli.

Navuta sigara mbili tu kwa siku. Nazo zina neno?

Zina neno kubwa. Katika vichochezi vyote, sigara ndiyo ninayoipiga vita kwanza, na mbili si chache kwa mshipa wa namna hii. Kokeini ni hatari zaidi. Ukitumia sumatriptani kwa kipandauso, mwambie daktari ibadilishwe.

Kidonge cha naitrogliserini, kile cha kulegeza mshipa maumivu yanapokuja, nikitumieje?

Kaa chini kwanza, kwani presha hushuka na unaweza kuanguka. Kiweke chini ya ulimi, usikimeze. Dakika tano zikipita maumivu yapo, au ukizimia, msaada wa dharura uitwe. Na kama umemeza sildenafili (Viagra, dawa ya nguvu za kiume) ndani ya saa 24 zilizopita, usikiguse. Nenda hospitali ukawaambie hivyo hivyo, bila haya.