Jibu langu ni Toni Kukoč

Swali lenu la wiki hii, "Je, mchezaji anayeanzia benchi anaweza kuitwa nyota?", nimelipeleka kwa vijana ninaowafundisha mpira wa kikapu, na karibu wote wamejibu hapana. Kwao nyota ni yule anayetangazwa jina na kushangiliwa kabla mpira haujarushwa juu. Mimi nasema ndiyo, tena kwa sauti kubwa, na shahidi wangu ni mmoja: Toni Kukoč wa Croatia.

Wengi wetu tulimfahamu akiwa na jezi namba 7 ya Chicago Bulls, nyuma ya Michael Jordan na Scottie Pippen, na kwa sababu hiyo tumemweka kwenye kundi la wasaidizi. Hapo ndipo tunapomdhulumu. Kukoč hakwenda Marekani kujifunza kazi. Alizaliwa mwaka 1968 mjini Split, bandari iliyo kwenye pwani ya Adriatiki, na utotoni alikuwa hodari wa tenisi ya mezani kabla kimo hakijampeleka kwenye kikapu. Alirefuka hadi mita 2.11. Klabu ya mji wake, Jugoplastika, ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Ulaya mara tatu mfululizo, 1989, 1990 na 1991, na katika fainali za 1990 na 1991 yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora.

Mtu wa urefu ule, kwa desturi ya miaka ile, alitakiwa akae chini ya kikapu, agombee rebaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, mpira awaachie wafupi. Kukoč alipanda nao mwenyewe. Mkono wake wa kushoto ulitoa pasi ambazo mabeki waliziona zikiwa zimeshapita. Na akisogea nje ya mstari wa pointi tatu alikuwa hatari vilevile: mwaka 1987 kule Bormio, Italia, kwenye ubingwa wa dunia wa vijana, alitupa mitupo 12 ya pointi tatu dhidi ya Marekani, ikaingia 11. Alimaliza na pointi 37. Miaka mitatu baadaye Yugoslavia ilichukua ubingwa wa dunia wa wakubwa nchini Argentina, na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano ikaenda kwake.

Bulls walimchagua mwaka huohuo wa 1990 kwenye drafti, zoezi la timu za ligi ya Marekani, NBA, kuchagua wachezaji wapya, raundi ya pili, namba 29, lakini hakuwa na haraka. Alibaki Split msimu mmoja zaidi, kisha akahamia Benetton Treviso ya Italia. Wakati huo nchi yake ilikuwa inavunjika. Croatia ilitangaza uhuru tarehe 25 Juni 1991, timu ya Yugoslavia ikiwa katikati ya mashindano ya Ulaya mjini Roma. Walichukua ubingwa huo, na baada ya hapo kila mmoja akaenda na bendera yake.

Kisha ikaja Olimpiki ya Barcelona, 1992. Jerry Krause, meneja mkuu wa Bulls, alikuwa amemsifu Kukoč kwa miaka miwili bila kupumzika, na alikuwa akimtengea fedha huku Pippen akidai mkataba mpya. Jordan na Pippen walikasirika. Ugomvi ulikuwa kati yao na bosi wao, ila nyasi zilizokanyagwa zilikuwa Kukoč. Croatia ilipokutana na Marekani kwenye makundi, wawili hao walimkaba kana kwamba uwanjani hakukuwa na mtu mwingine. Croatia ikalala 103-70, na Kukoč akaondoka na pointi 4. Wapo vijana ambao mechi kama hiyo ingewamaliza. Walipokutana tena fainalini, Marekani ilishinda 117-85, lakini safari hii Kukoč alifunga pointi 16 na kutoa asisti, yaani pasi za kufungia, 9. Alirudi nyumbani na medali ya fedha. Na waliomkaba ndio aliokuwa anakwenda kucheza nao.

Alipotua Chicago mwaka 1993, mwaka ambao Croatia ilimzika nyota wake wa kikapu Dražen Petrović aliyefariki kwa ajali ya gari Ujerumani mwezi Juni, Jordan naye alistaafu ghafla mwezi Oktoba. Timu ikabaki mikononi mwa Pippen.

Sasa naomba niitazame kwa karibu sekunde moja na nukta nane. Tarehe 13 Mei 1994, Bulls na New York Knicks wako 102-102 katika mchezo wa tatu wa mtoano, ambao mshindi ni anayetangulia kushinda michezo minne, na Bulls wameshapoteza miwili. Zimebaki sekunde 1.8. Kocha Phil Jackson anachora mpango: Pippen arushe mpira ndani, Kukoč atupe. Pippen anakataa kuingia, anabaki amekaa. Benchi zima limepigwa na butwaa. Anaingia Pete Myers kurusha. Kukoč anaupokea mpira, anageuka, Anthony Mason yuko usoni kwake, anautupa juu ya mikono yake, na unazama. 104-102. Huyo ni mgeni wa msimu wa kwanza, ambaye nahodha wake ametoka kuonyesha mbele ya dunia nzima kwamba hataki mgeni huyo apewe mpira. Naifahamu mikono inayotetemeka kwa sababu ndogo sana kuliko hiyo.

Msimu uliofuata akawa anaanza. Jordan akarudi, na kabla ya msimu wa 1995-96 akaletwa Dennis Rodman kucheza nafasi yake. Jackson akamtaka Kukoč arudi benchi, na hakufurahi kuambiwa hivyo. Nani angefurahi? Alikuwa mfalme wa Ulaya mwenye medali mbili za Olimpiki kabatini. Lakini alikubali, akaingia kila mechi kwa kazi ile ambayo timu ilikuwa imeikosa usiku huo: mara mfungaji, mara mgawaji. Wastani wake ulikuwa pointi 13.1 na akapewa tuzo ya Mchezaji Bora wa Sita, ya aliye bora kati ya wanaoanzia benchi. Bulls walishinda mechi 72 na kupoteza 10, wakabeba ubingwa wa kwanza kati ya mitatu mfululizo.

Vijana wangu hutazama nani anaanza. Ningependa watazame nani yuko uwanjani mambo yakiwa magumu. Mwaka 1998, mchezo wa saba dhidi ya Indiana Pacers, Bulls walikuwa karibu kung'olewa. Katika robo ya tatu Kukoč alifunga pointi 14 kati ya 21 zake, na Bulls wakapenya 88-83. Kwenye fainali na Utah Jazz, mchezo wa tano, alifunga 30. Ule waliupoteza, na labda ndiyo maana hautajwi sana.

Na anayesema alibebwa na Jordan auangalie msimu wa 1998-99, Jordan, Pippen na Rodman wakiwa wameondoka wote. Timu ilikuwa dhaifu mno, ilishinda mechi 13 tu kati ya 50, lakini Kukoč aliiongoza kwa pointi, kwa rebaundi na kwa asisti, yote matatu. Mwaka 2000 wakampeleka Philadelphia, na Februari 2001 Philadelphia wakamtoa kwenda Atlanta katika biashara iliyomleta kwao Mkongo wetu Dikembe Mutombo. Nilimshangilia sana Mutombo mwaka ule, na nadhani wengi wetu huku hatukuuliza nani ametolewa ili yeye apatikane. Kukoč alimalizia Milwaukee, akastaafu 2006.

Mwaka 2021 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji wa mpira wa kikapu kule Marekani. Aliyepitisha jina lake ni kamati ya kimataifa, maana yake waliihesabu kazi yote, tangu Split. Mmoja wa waliosimama naye jukwaani kumtambulisha alikuwa Michael Jordan.