Ukimpata mwalimu wa kuigiza Bagamoyo, nenda ukiwa umekariri

Saa ya mwalimu ina thamani kubwa, hata kama anakutoza kidogo. Mtu aliyekaa jukwaani miaka mingi si wa kumlipa akusubiri ukitafuta mistari kwenye karatasi. Kukariri ni kazi ya nyumbani. Fika maneno yakiwa yameshakaa, yanatoka yenyewe, ndipo mtaingia kwenye kazi usiyoiweza peke yako mbele ya kioo: kuonyeshwa ni wapi unasema kitu ambacho wewe mwenyewe hukiamini.

Kwa walimu, Bagamoyo tuna bahati. Chuo cha Sanaa kilianza hapa mwaka 1981, na leo ndiyo TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa hiyo watu wa jukwaa hawajawahi kukosekana mjini. Waulize wanaofanya maonyesho, usitegemee matangazo. Ukishaelekezwa kwa mtu, msalimie kwa heshima na umwombe ukae pembeni siku moja umwone akifundisha mwingine. Mwalimu anayekuigizia kila mstari ili umfuatishe atakufanya umuige yeye maisha yako yote. Anayekuuliza maswali, mng'ang'anie.

Nilikaa pembeni hivyo, na nilichokiona kilinitosha. Binti mmoja alikuwa na maneno mawili tu: "Karibu, kaa." Mhusika wake anampokea kaka aliyemdhulumu shamba la marehemu baba yao. Aliyasema kwa huzuni, macho yakilengalenga. Mwalimu akamwambia, "Huzuni nimeiona, mwanangu. Sasa, unataka nini kwake?" Akajibu anataka hati ya shamba. "Basi asitoke humu kabla hajakupa." Yule binti akakisogeza kiti kwa mguu, akasimama kati yake na mlango, akasema, "Karibu, kaa." Machozi yalikuwa yamekauka, na sote tulimwogopa.

Swali hilo la mhusika anataka nini ni la siku nyingi. Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji wa Urusi, mmoja wa waanzilishi wa kundi la maigizo la Moscow Art Theatre mwaka 1898, aliliweka katikati ya mafundisho yake, na walimu wa nchi nyingi wanalitumia hadi leo. Kila mstari unaoukariri, andika pembeni yake jibu la swali hilo, tena kwa kitenzi: kumzuia, kumbembeleza, kumfukuza. "Nimekasirika" hakukusaidii, kwa sababu hasira huwezi kuifanya. Kumfukuza mtu unaweza.

Sauti nayo inataka uvumilivu. Wengi mnaokuja kutoka kwenye bongo muvi mmezoea maiki iliyo karibu na mdomo. Jukwaani mara nyingi haipo, na aliyekaa nyuma kabisa kalipa kiingilio kama wa mbele. Mwalimu anaweza kukupeleka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, akaenda mbali, akakupa mgongo na kukutaka useme naye bila kupiga kelele. Ukipiga kelele koo litakauka na bado upepo utakushinda. Pumzi ishuke chini mpaka mbavu zitanuke, mabega yatulie, koo lilegee. Na usimeze mwanzo wa kitenzi. Kwetu nani, lini na kukanusha vyote viko mbele. Ukiufifisha, msikilizaji hajui kama umesema "hajafika" au "ameshafika", na mchezo mzima umempotea.

Masomo ya wewe na mwalimu tu yana pengo moja: mwenza wa kuigiza naye. Mwalimu atakusomea mistari ya mhusika wa pili, lakini ni vigumu kumgombeza mtu unayempa shikamoo. Mara mojamoja mlete mwenzako mnayelingana, mchangie ada, na mwalimu abaki kutazama tu. Hapo utajifunza kusikiliza, jambo ambalo naliona gumu kuliko kulia.

Malipo mkubaliane mapema, kwa kila somo, na msomee mahali penye watu wanaopita. Dada zangu hasa, nawasihi mnisikilize: mwalimu anayeahidi nafasi kwenye filamu ili mkutane chumbani kwake usiku si mwalimu, na hakuna kipaji kinachodai hivyo. Ondoka, umwambie mtu unayemwamini. Ukitaka cheti au stashahada, omba nafasi TaSUBa. Masomo binafsi hayatakupa karatasi hiyo.

Tamasha la Sanaa na Utamaduni linalofanyika hapa kila mwaka usilikose. Kaa viti vya nyuma. Chagua mwigizaji mmoja, mfuate yeye tu, hata wakati hasemi, uone anafanya nini mwenzake anapozungumza. Andika usiku huohuo kabla hujasahau, na somo linalofuata mpelekee mwalimu daftari hilo.