Stroberi zilizokaushwa kwa kugandishwa: usizizamishe, zinyunyizie

Mkuu, umesema uliloweka stroberi zilizokaushwa kwa kugandishwa kwenye bakuli la maji kwa nusu saa, ukaambulia rojo na maji mekundu. Nami nilianza hivyohivyo, pakiti nzima ikaharibika. Tatizo ni wingi wa maji.

Matunda haya ni tofauti na yale ya kuanikwa juani. Hugandishwa kwanza, kisha huingizwa kwenye mashine inayonyonya hewa, na barafu iliyomo ndani hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka. Ndiyo maana tunda halisinyai. Umbo linabaki, ila ndani limejaa vitundu kama sponji. Ukilitumbukiza linashiba kwa dakika chache tu, na maji yanayozidi yanachukua sukari, rangi na harufu.

Mimi natandaza vipande kwenye sahani pana, visilaliane. Navinyunyizia maji baridi kwa kijiko, navigeuza kwa vidole, nasubiri dakika tano. Utaona kingo zinalainika na rangi inakolea, lakini ukikibonyeza kipande, katikati bado kuna kiini kigumu kinachokwaruza. Ongeza matone, subiri tena. Kiini kikipotea, acha hapohapo. Stroberi mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, kwa hiyo gramu 10 kavu hazihitaji zaidi ya gramu 90 za maji. Mimi naanza na nusu ya hizo. Bluberi nzima zina ganda linalozuia maji, zikate kwanza.

Ila usitarajie tunda bichi. Barafu ilishapasua chembe zake, kwa hiyo utapata ulaini wa tunda lililoyeyuka baada ya kutoka kwenye friza. Kwa sosi, uji au jamu linafaa sana. Kwa mtindi hata usihangaike na maji: changanya yakiwa makavu, weka kwenye friji usiku kucha, yatanyonya majimaji ya mtindi wenyewe na mtindi utakuwa mzito. Napenda hivi kuliko njia nyingine yoyote.

Kwenye keki, ukitia makavu yatanyonya maji ya mchanganyiko. Keki yangu ya kwanza ilitoka kavu hadi inapukutika. Yalainishe kabla, na majimaji yatakayobaki yahesabu kama sehemu ya maziwa. Kwenye chokoleti iliyoyeyushwa ni kinyume: tumia makavu kabisa, maana maji kidogo tu yanaifanya ishikane mabonge.

Jambo moja nalisisitiza: kukausha huku hakuui vijidudu vyote, vingi vinalala tu. Ukishatia maji, yahesabu kama matunda mabichi yaliyokatwa. Weka kwenye friji, yaishe kesho yake. Pakiti iliyobaki ifunge mara moja, maana yakipata unyevu wa hewa yanakuwa kama gundi.

Hayo maji mekundu, kama uliyaweka kwenye friji, usimwage. Yachemshe na sukari pamoja na ile rojo mpaka yawe mazito, utapata sosi nzuri ya kumwagia juu ya keki.