Mafunzo ya mbwa yalianza lini?

SWALI: Mhariri, mbwa wangu huchunga ng'ombe vizuri, ila akiitwa haji. Je, mafunzo ya mbwa yalianza lini? Msomaji, Mafinga.

JIBU: Ndugu msomaji, mbwa alifugwa kabla ya ng'ombe na mbuzi, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na kwa muda mrefu alijifunza kazi akiwa kazini. Mafunzo yenye mpangilio yalishika kasi Ujerumani, ambako Konrad Most, mkufunzi wa mbwa wa polisi, alichapisha mwongozo wake mwaka 1910, na mwaka 1916 shule ya mbwa wa kuongoza askari waliopofuka vitani ikafunguliwa mjini Oldenburg. Most alitegemea mno adhabu, jambo ambalo sikushauri uliige. Mwite mbwa wako akiwa karibu, umpe dagaa papo hapo anapofika, kisha uongeze umbali kidogo kidogo. Ukimchapa kwa kuchelewa, atazidi kukukwepa.