Wasomaji Wanauliza: Shairi Lina Kazi Gani Moyoni?

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu mama yangu afariki dunia, kuna shairi moja ambalo hulisoma kwa sauti kila usiku kabla ya kulala. Kaka yangu ananiambia kwamba nimekwama katika msiba, na kwamba vina havimrudishi mtu. Je, shairi lina nguvu ya kweli, au najidanganya?

JIBU: Pole sana kwa kufiwa na mama. Kaka yako amesema kweli katika jambo moja, nalo ni kwamba shairi halimrudishi aliyefariki. Lakini kusema kwamba umekwama ni kukuonea. Ungekuwa umeacha kula au kuzungumza na watu, ningekusihi umtafute mshauri. Kusoma shairi lilelile kila usiku ni jambo jingine kabisa.

Tazama jinsi kibwagizo kinavyofanya kazi. Mstari ni uleule mwishoni mwa kila ubeti, neno kwa neno, lakini kila unapoufikia unakuwa umeshapitia beti zilizotangulia, kwa hiyo maneno uliyoyasikia kama taarifa tu katika ubeti wa kwanza waweza kuyasikia kama malalamiko katika ubeti wa tatu, na kama kuridhia katika ubeti wa mwisho. Huzuni nayo hurudi hivyo hivyo. Mfiwa huwaza jambo moja mara nyingi mno, na huona haya kulitamka tena kwa kuwa waliomzunguka wameshachoka kulisikia. Shairi halimchoki wala halimharakishi. Huupa ule urejeo wa mawazo kipimo, mwanzo na mwisho, naye akiumaliza ubeti wa mwisho aweza kufunga kitabu na kulala.

Vina na mizani, ambavyo kaka yako anavidharau, ndivyo vinavyoyafanya maneno yakae kichwani bila karatasi. Anna Akhmatova, mshairi wa Urusi ambaye mwanawe alifungwa gerezani katika utawala wa Stalin, aliandika beti zake kwenye vipande vya karatasi, akawapa rafiki wachache anaowaamini wazihifadhi kwa moyo, kisha akavichoma vipande hivyo. Tungo hizo ziliishi vichwani mwa watu kwa miaka mingi kabla ya kuchapishwa nje ya nchi yake mwaka 1963. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, aliandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni, nayo yakatoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mtu aliyenyang'anywa karibu kila kitu hang'ang'anii kitu kisicho na kazi.

Na kwa kuwa umefiwa na mama, nakuomba umsome Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake wosia kwa utenzi. Baadhi ya mawaidha yake kuhusu ndoa yanajadiliwa hadi leo, na ni haki yajadiliwe. Lakini sauti ya mama anayemwita mwanawe aje karibu, na wino na karatasi, inamfikia msomaji kana kwamba imetamkwa sasa hivi. Msomee kaka yako beti chache za mwanzo, bila kubishana naye.

SWALI: Natunga mashairi ninapozidiwa na mawazo, ila hayana vina. Je, nimtii anayesema hayo si mashairi?

JIBU: Mabishano hayo ni ya zamani, na yalipamba moto Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974. Mimi nayapenda mashairi ya vina kupita kiasi, lakini siwezi kukunyima lako. Jiulize tu kama kulitunga kumekulazimisha kusema jambo ambalo hukuwa umelielewa kabla ya kushika kalamu. Likiwa limefanya hivyo, lisome kwa sauti, ufute kila mstari ambao ulimi wako unaukataa, kisha uendelee kutunga.