Ukapteni wa mapema Marekani: tazama kwanza utaangukia wapi kwenye orodha

Ndugu yangu, umesema uko mwaka wa pili kwenye kampuni kubwa ya ndege huko Marekani, unaishi Dallas na familia, na sasa imetoka nafasi ya ukapteni kituo cha New York, yaani safari zako zingeanzia na kuishia huko. Wengi waliokujibu hapo juu wamekuambia uchukue upesi. Mimi pia naruka huku, na nafasi ya namna hiyo niliiacha ipite kwa makusudi. Ngoja nikueleze sababu.

Sinioriti ni namba yako kwenye orodha ya marubani kufuatana na tarehe uliyoingia kampuni. Ndiyo inayoamua ndege utakayorusha, kituo, kiti cha kushoto cha kapteni au cha kulia cha msaidizi, likizo, na kama Krismasi utakuwa nyumbani. Ukishafaulu mitihani na simuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji, hakuna anayepima nani hodari zaidi. Aliyetangulia anachagua kwanza. Kuna wanaoulaumu mfumo huu, mimi nautetea. Kapteni anayekataa kuondoka kwa sababu ya radi hana hofu kwamba bosi atampa mwingine nafasi yake. Na kwa sisi wenye majina na lafudhi za kwetu, kupanda daraja bila kutegemea kupendwa na mtu si jambo dogo hata kidogo.

Ila angalia hapa. Namba ni moja, lakini inashindana ndani ya kundi lako tu: kituo, aina ya ndege na kiti. Leo Dallas, ukiwa rubani msaidizi, wale walioajiriwa juzi wako chini yako. Siku unapovaa mistari minne ya kapteni New York, namba ni ile ile, ila karibu kila kapteni wa pale yuko juu yako.

Maana yake utaiona kila mwezi ukiomba ratiba. Unaingiza kwenye mfumo: nipe Jumapili, ikishindikana, nipe safari zisizozidi siku mbili, ikishindikana, angalau nisianze alfajiri. Kompyuta inaanza na wa juu kwenye orodha, na ikifika kwako imebaki rizavu, yaani kukaa ukisubiri kuitwa. Rizavu ya muda mfupi ni begi mlangoni, simu yenye sauti muda wote wa zamu, na ukipigiwa una saa chache tu za kuripoti uwanjani. Huwezi kuifanya ukiwa Dallas. Itabidi ukodi kitanda karibu na uwanja, chumba kimoja na marubani wengine, na siku zako za mapumziko zitaliwa na kusaka kiti kwenye ndege ya kurudi nyumbani.

Ndiyo maana mwaka 2023 kampuni ya United ilitangaza nafasi za ukapteni, nyingi zikakosa waombaji. Wale marubani wasaidizi walishapiga hesabu.

Pesa ni kweli inapanda sana, sibishi. Ungekuwa huna mke na watoto, au uko tayari kuhamia New York, ningekuambia chukua leo. Lakini usidhani ukapteni ni kinga. Kampuni ikipunguza watu, inaanza na wa mwisho kwenye orodha ya kampuni nzima, awe anakaa kiti gani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, wapo marubani wa kampuni ya American waliopunguzwa na kusubiri zaidi ya miaka 10 kurudishwa kazini. Wengi wao walitoka TWA, kampuni nyingine ya ndege iliyonunuliwa na American mwaka huo huo. Walikuwa na miaka mingi angani, lakini orodha zilipounganishwa wakawekwa mkiani.

Kuna aliyekushauri uhamie kampuni nyingine ukatafute ukapteni huko. Hapana. Namba haihamishiki. Unaanza chini kabisa, na mshahara wa mwaka wa kwanza, hata kama una saa elfu kumi za kuruka.

Fanya hivi kabla ya kujibu. Omba orodha kwa chama chenu, kisha hesabu makapteni wa kituo hicho watakaofika miaka 65, umri wa kustaafu tangu Desemba 2007, ndani ya miaka mitano ijayo. Fanya hivyo hivyo kwa Dallas. Muulize pia kapteni wa mwisho kwenye orodha ya New York alipata ratiba gani mwezi uliopita. Ukipata majibu, yalete hapa tuyapitie pamoja, na mkeo awepo.